Masika yanapoingia ziwani: maswali yenu na majibu yetu

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinalalamikia jambo moja: utabiri ulisema hivi, kwetu ikawa vile. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, mara nyingi kosa si la utabiri. Msomaji ameangalia siku na mkoa, akaacha saa na upande wa ziwa, na kando ya Ziwa Victoria hayo mawili ndiyo yanayoamua nani analowa. Tunaanza na barua nzito kuliko zote.

Shikamooni. Nina mitumbwi miwili ya dagaa hapa Kayenze. Redio inasema mvua na ngurumo katika maeneo machache, jioni naona mbingu nyeupe, vijana wanaingia ziwani, halafu saa nane au tisa usiku dhoruba inawakuta huko huko. Nitajuaje mapema? Na ikishawakuta wafanye nini?
*Mwenye mitumbwi, Kayenze, Ilemela*

Marahaba. Mbingu safi ya jioni haikuambii lolote kuhusu saa nane usiku, kwa sababu mvua ya ziwani na mvua ya nchi kavu hazifuati saa moja. Mchana ardhi hupata joto haraka kuliko maji. Hewa iliyo juu ya ardhi inapanda, upepo kutoka ziwani unaingia kushika nafasi yake, na mawingu ya ngurumo yanajengeka mbali na ufuko: vilima vya Mara, nyanda za juu za Kenya, wakati mwingine Kwimba na Magu. Juu ya maji panabaki peupe.

Usiku mambo yanageuka. Ardhi inapoa hadi nyuzi 17 au 18 za Selsiasi, maji yanabaki karibu na nyuzi 25. Sasa upepo unatoka nchi kavu kuelekea majini, tena kutoka pande zote: Mara, Mwanza, Geita, Kagera, Uganda na Kenya. Pepo hizo zikikutana juu ya ziwa hazina pa kwenda ila juu, na hewa inayopanda hapo imeshiba mvuke. Dhoruba nyingi za ziwani huzaliwa kati ya saa sita usiku na saa tatu asubuhi. Upepo mkuu wa eneo letu hutoka mashariki, kwa hiyo huusukuma mkutano huo kuelekea magharibi. Ndiyo sababu maji ya upande wa Kagera na visiwa vya Ssese, Uganda, hupigwa na ngurumo zaidi kuliko yetu. Kusini hatukusamehewa, tumepunguziwa tu.

Dalili ya mapema ipo, ila haiko juu ya kichwa chako. Iko mashariki, kati ya saa kumi alasiri na saa mbili usiku. Nchi kavu ya mashariki ikipata ngurumo nyingi alasiri, uwezekano wa dhoruba ziwani usiku huo unapanda, kwa kuwa mvua ile humwaga hewa baridi inayotambaa chini hadi majini na kuongezea nguvu mkutano wa usiku. Watafiti wanaofuatilia dhoruba za ziwa hili kwa setilaiti wameitumia dalili hiyo hiyo kutafuta njia ya kuonya mapema. Basi kijana mmoja apande mwambani saa moja unusu, atazame upande wa Mara. Usiku mwanga wa radi huonekana hata kutoka kilomita 100, ilhali mlio wake ni nadra kusikika zaidi ya kilomita 15 au 20. Akiona mbingu ya mashariki inamweka mfululizo bila sauti, usiku huo mitumbwi ivue karibu na ufuko au isiende kabisa.

Pili, sikiliza utabiri wa ziwa, si wa mkoa. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ina rada Mwanza na hutoa taarifa za Ziwa Victoria peke yake, zenye upepo na mawimbi. Katika taarifa za hali mbaya ya hewa, njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Fahamu pia vizingiti: zinapotaja upepo mkali zinazungumzia unaozidi kilomita 40 kwa saa, na mawimbi makubwa ni yanayozidi mita 2. Kwa mtumbwi wa mbao wenye karabai, nyavu na watu wanne, vizingiti hivyo viko juu mno. Ukiona vichwa vyeupe vya mawimbi vimetapakaa ziwa zima, upepo umeshafika kama kilomita 30 kwa saa, na hali hiyo inatosha kukuzamisha bila onyo lolote kutolewa. Siku isiyo na tahadhari haikupi kibali.

Ngurumo zikianza kusikika mkiwa majini, pigeni hesabu. Hesabu sekunde kutoka mmweko hadi mlio, gawanya kwa tatu, utapata kilomita. Sekunde 30 ni kilomita 10. Dhoruba ikitembea kilomita 30 kwa saa, mna dakika 20. Mtumbwi wenye mzigo ukienda kilomita 10 kwa saa, katika dakika hizo utakuwa umekwenda kilomita 3 na kidogo. Basi kama kisiwa au ghuba ya kujikinga iko ndani ya kilomita 3, kimbieni sasa hivi. Kama iko mbali zaidi, msishindane na dhoruba. Jiandaeni kuipokea mkiwa na nguvu, kwani wengi huzama wakiwa wamegeuza ubavu kwa mawimbi wakikimbilia nyumbani.

Maandalizi yenyewe ni haya. Jaketi okozi livaliwe ufukweni, kabla ya safari; lililogeuzwa mto wa kukalia halivaliki gizani mtumbwi ukiyumba. Zimeni karabai mapema, maana kioo chenye moto kikipigwa na mvua baridi hupasuka, na chini yake kuna galoni ya petroli. Vuteni wavu, usipovutika, ufungieni boya na kuukata. Ukingo ukibaki chini ya sentimita 30 juu ya maji, dagaa watupwe, hata kama ni kazi ya usiku mzima. Watu wakae chini, katikati.

Kisha subirini upepo wa kwanza. Huo ndio unaoua, na hutangulia mvua kwa dakika chache: hewa inakuwa baridi ghafla, upepo unageuka upande, na juu yenu unapita ukingo mweusi wa wingu ulionyooka. Hapo hapo omo, yaani ncha ya mbele ya mtumbwi, ielekezwe kwenye mawimbi, ikiinama kidogo upande mmoja, injini kwa mwendo wa chini kabisa unaotosha kuushika mtumbwi. Injini ikizimika, fungeni ndoo mbili au turubai lililokunjwa kwenye kamba ya mita 15 hadi 20 na kuitupa kutoka omoni. Vitakokota majini na kuufanya mtumbwi utazame upepo. Mmoja kazi yake ni kuchota maji tu. Mawimbi yetu ni mafupi na yamesimama wima, kwa sababu upepo wa dhoruba huvuma mahali padogo na kwa muda mfupi, kwa hiyo yanarudi haraka kuliko watu waliozoea bahari wanavyotarajia. Kipigo kikali kwa kawaida hakizidi saa moja.

Simu yangu inaonyesha asilimia 60 ya mvua kila siku na picha ya wingu lenye radi, lakini naanika nguo na zinakauka. Niifute hiyo programu?
*Msomaji wa Nyegezi*

Usiifute, isome kwa saa. Asilimia 60 maana yake ni kwamba katika siku 10 zenye hali kama hiyo, 6 huwa na mvua mahali hapo. Haisemi mvua itanyesha asilimia 60 ya siku, wala haisemi ni kubwa. Na ile picha ya siku huwekwa hata kama mvua yenyewe ni manyunyu ya saa kumi alfajiri. Fungua ukurasa wa saa kwa saa: mwezi Machi utakuta asilimia zimelundikana alfajiri, zinashuka mchana, zinapanda tena kidogo alasiri. Nguo zako zinakauka katikati.

Kuna kasoro moja ya programu hizi ambayo kwetu ni kubwa. Kompyuta zinazotengeneza utabiri wa dunia nzima hugawa nchi katika vipande vyenye upana wa kilomita 10 hadi 25. Kipande chenye jiji la Mwanza kina mawe, mabati na maji ya ghuba vyote pamoja, na kompyuta inavichanganya. Upepo wa ziwani unaoingia kilomita chache tu haumo humo, au umo kwa kubahatisha. Hesabu hizo hufanywa upya mara nne kwa siku, hivyo utabiri ulioutazama asubuhi ni mkuukuu ifikapo jioni. Kwa jambo la hatari, simu ije nyuma ya taarifa ya TMA.

Mwishoni mwa Februari ilinyesha siku mbili, jirani zangu wakapanda mahindi. Mimi nimesita. Nani yuko sahihi? Na je, naweza kupima mvua bila kununua kifaa?
*Mkulima, Magu*

Kanda ya Ziwa ina misimu miwili, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei, na kati yake Januari na Februari hazikauki kabisa. Hapo ndipo mtego ulipo: mvua ya mwisho wa Februari inaweza kuwa mwanzo wa masika, na inaweza kuwa mabaki tu. Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu wa kilimo ni jumla ya milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu, bila kufuatiwa na ukavu wa zaidi ya siku 10 mfululizo ndani ya siku 30. Sehemu ya kwanza unaipima mwenyewe. Ya pili unaitafuta kwenye utabiri wa siku 10 wa TMA. Mahindi huota ndani ya siku 5 hadi 8. Ukavu wa siku 10 ukija baada ya hapo, unamkuta mche mwenye mizizi mifupi.

Kupima ni rahisi. Chukua faneli yenye kipenyo cha sentimita 12 ndani ya ukingo, ichomeke kwenye chupa au dumu dogo, uzike nusu ili upepo usiangushe na jua lisipashe maji. Mdomo wa faneli una eneo la sentimita za mraba 113, kwa hiyo kila mililita 11.3 za maji ni milimita 1 ya mvua. Pima kwa bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa: ukipata mililita 226, imenyesha milimita 20. Faneli ya ukubwa mwingine? Zidisha nusu ya kipenyo kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, gawanya kwa 10. Hizo ndizo mililita za milimita moja. Soma kila siku saa 3 asubuhi, saa inayosomwa vituoni, halafu umwage. Mti wenye urefu wa mita 5 uwe angalau mita 10 kutoka kwenye kipimo. Kosa tunaloliona zaidi ni kukiweka chini ya ukingo wa bati. Hapo unapima paa.

Kisha chimba uone unyevu umefika wapi. Kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga, milimita 20 zitashuka sentimita 15 hadi 20. Kwenye mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, zitashuka nusu ya hapo, na udongo ukiwa na nyufa, maji yaliyopitia nyufani yatakudanganya wakati katikati pakavu. Jirani mwenye luseni anaweza kuwa sahihi na wewe mwenye mbuga ukawa sahihi pia kusubiri.

Ila usisubiri mno. Mahindi ya muda mfupi hutoa mbelewele kama siku 55 baada ya kupandwa. Ukipanda Machi 10, ni Mei 4, mvua bado ipo. Ukipanda Aprili 1, ni Mei 26, na mara nyingi masika yameshaaga. Mche hustahimili kiu kidogo. Mahindi yenye mbelewele hayastahimili, magunzi yanabaki mapengo. Mwenye shaka agawe shamba, nusu apande kwa mvua ya kwanza iliyotimia, nusu baada ya siku 10.

Umeuliza pia mwishoni mwa barua yako kwa nini utabiri wa vuli hukaribia ukweli kuliko wa masika. Vuli huongozwa na joto la bahari, El Niño katika Pasifiki na hali ya Bahari ya Hindi, vitu vinavyobadilika polepole na kuonekana miezi kabla. Masika hutegemea zaidi mambo ya wiki moja au mbili. Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipokuwa karibu na Madagaska, upepo wa magharibi ulileta unyevu wa Kongo na Afrika Mashariki ikapata mvua nyingi. Machi 2019 kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji, na mvua za huku zikachelewa. Hakuna awezaye kukuambia mwezi Januari kimbunga cha Machi kitakaa wapi. Na utabiri wa msimu unaposema wastani, maana yake ni kati ya asilimia 75 na 125 ya mvua ya kawaida ya eneo lako. Kama kawaida yenu ni milimita 400, basi 300 ni wastani na 500 ni wastani pia. Nafasi hiyo ni pana kuliko watu wengi wanavyodhani.

Mume wangu yuko Bukoba. Kila asubuhi tukizungumza ananiambia kwao mvua, mimi Mwanza jua linawaka. Ziwa si moja?
*Mama wa Igoma*

Ziwa ni moja, upepo ndio unaobagua. Dhoruba za usiku husukumwa magharibi na asubuhi zinawafikia Bukoba, wakati huku zimeshatuacha au hazikutugusa. Kwa mwaka Bukoba hupata mvua inayokaribia milimita 2,000, Mwanza hupata 1,000 na kidogo zaidi. Mvua hizo za asubuhi si jambo la utani kwa wasafiri: tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba asubuhi yenye mvua na hali mbaya ya hewa, na watu 19 kati ya 43 walifariki. Akipanga safari ya maji ndani ya masika, mwambie saa tano hadi tisa mchana ni salama kuliko alfajiri.

Tunaanika dagaa Igombe. Masika tunapoteza mzigo mwingi, wanaoza au wanabadilika rangi na kununuliwa kwa bei ya chakula cha kuku. Tufanyeje?
*Kikundi cha akina mama, Igombe*

Poleni na kazi. Kwenye masika mchana mzuri huwa na saa tano au sita za kukaushia, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa tisa au kumi. Kabla ya hapo hewa bado imejaa unyevu wa usiku na dagaa hawakauki hata kama jua limetoka. Kuanzia saa tano upepo wa ziwani unaanza, na huo ndio rafiki yenu mkubwa, pengine kuliko jua lenyewe.

Mchanga ni adui. Mvua ya alfajiri ikinyesha, mchanga unakaa na maji hadi mchana na dagaa wanapikwa na joto chini huku wamelowa. Chanja yenye kimo cha mita 1, iliyotandikwa wavu wa matundu madogo, inakauka ndani ya dakika chache na upepo unapita chini yake. Elekezeni urefu wa chanja ukate upepo wa ziwani, usiufuate, ili kila sehemu ipate hewa mpya. Dagaa wapangwe safu moja tu. Mkiweka safu mbili ili kuokoa nafasi, ya chini itanuka kabla ya jioni. Geuzeni baada ya saa mbili, kisha tena baada ya saa mbili.

Saa tisa anzeni kutazama kusini na mashariki. Wingu likianza kukua kwenda juu badala ya kutawanyika, kusanyeni. Msisubiri tone la kwanza, kwani dagaa waliokauka nusu wakilowa tena, ngozi inachubuka na rangi ya fedha inapotea. Usiku wasirundikwe wakiwa na joto chini ya turubai lililobana. Waacheni kwenye chanja, turubai likae juu kwa mteremko na pande ziwe wazi. Dagaa aliye tayari huvunjika kwa mlio ukimkunja. Akikunjika bila kuvunjika, kesho arudi juani. Utabiri ukionyesha mvua ya mchana siku mbili mfululizo, nunueni nusu ya mzigo, na sehemu yake itiwe chumvi au ikaangwe siku ile ile.

Mwanangu anasoma Santa Fe, New Mexico, Marekani. Mwezi huu wa Machi anasema mchana anavaa fulana, alfajiri maji ya nje yameganda, juzi theluji, jana vumbi. Na maharage hayaivi! Hiyo ni nchi gani, na asomeje utabiri wa huko?
*Mzazi, Mwanza*

Ni jangwa la mlimani. Santa Fe iko karibu mita 2,190 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Sangre de Cristo, na hakuna ziwa la kushika joto. Huku maji yetu hulipokea joto la mchana na kulirudisha usiku, tofauti ya mchana na usiku ni kama nyuzi 10. Kule hewa ni kavu na nyembamba. Jua likizama, joto linatoka ardhini moja kwa moja kwenda angani. Machi wastani wa mchana ni nyuzi 13 hadi 14, alfajiri hushuka chini ya sifuri, kwenye 3 au 4. Siku ya jua kali tofauti inafika nyuzi 20.

Hayo ya kubadilika kila siku ni ya majira. Machi upepo wa kasi wa tabaka za juu bado unapita juu ya eneo hilo, huku jua limeshapata nguvu ya kuchemsha ardhi. Hewa ya chini ikipanda mchana, inauvuta upepo wa juu ushuke. Ndiyo sababu asubuhi ni shwari na kuanzia saa sita mchana hadi jioni kuna vumbi. Kati ya siku hizo hupita dhoruba kutoka Pasifiki, na joto linaweza kushuka nyuzi 15 kati ya asubuhi na jioni; mvua inageuka theluji. Milimita 10 za maji hutoa theluji ya kama sentimita 10, na zaidi kukiwa na baridi kali.

Asome utabiri kwa kimo. National Weather Service ya huko, ofisi yake ikiwa Albuquerque, hutoa utabiri wa mahali kwa mahali na kutaja kimo ambacho mvua inakuwa theluji. Joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Mjini pakiwa na nyuzi 8, rafiki zake wakimwalika kupanda hadi mita 3,700, huko ni nyuzi 2 chini ya sifuri kabla ya kuhesabu upepo. Apande alfajiri na kushuka kabla ya saa saba, avae nguo tabaka tabaka, abebe ya upepo hata kama kumekucha kwa jua.

Asidharau ilani za hatari ya moto, zinazotolewa upepo ukiwa mkali na hewa kavu sana. Tarehe 6 Aprili 2022, mashariki ya Santa Fe, moto uliowashwa kwa makusudi na idara ya misitu ili kupunguza majani makavu ulichukuliwa na upepo, ukaungana na mwingine na kuteketeza zaidi ya hekta 138,000, mkubwa kuliko wote katika historia ya New Mexico.

Maharage: kwa kimo hicho maji huchemka yakiwa na nyuzi 93 hivi, Mwanza ni kama 96. Aloweke usiku kucha na atumie sufuria ya presha, la sivyo atachoma gesi mchana kutwa.

Tuliona kitu kama mkonga wa tembo kimeshuka kutoka wingu hadi ziwani. Ni hatari?
*Wanafunzi, Ukerewe*

Ni kimbunga cha maji. Hutokea chini ya wingu linalokua haraka juu ya maji ya uvuguvugu, upepo wa pande mbili ukikutana na kuanza kuzunguka. Mnachokiona kimeshuka ni mvuke uliogeuka matone ndani ya mzunguko huo. Maji ya ziwa hayanyonywi hadi mawinguni, hurushwa mita chache tu pale chini. Vingi huisha ndani ya dakika 5 hadi 20. Kwa mtumbwi ni hatari kweli: upepo wake unaweza kuupindua na kuvunja paa za ufukweni. Ukikiona, tazama kinaelekea upande gani kwa kukilinganisha na kisiwa au mwamba, kisha uende kwa pembe ya mraba na njia yake. Kikionekana hakisogei ila kinanenepa, kinakuja kwako.